Askofu aliyetaka duara livunjwe

Mahubiri yamekwisha, lakini watu hawaondoki. Wako nje, chini ya miti, walikokuja kusali kutwa nzima. Wanaume wanavua makoti. Wanajipanga duara, wimbo unaanza, makofi yanalia, miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Pembeni amesimama askofu wao, mzee wa miaka 67, mdogo wa umbo na mwembamba mno. Anamwita mchungaji wa pale na kumwomba akawakataze kucheza.

Mchungaji anakwenda. Watu wanaacha kucheza, makofi yanakoma, ila wimbo haukomi na miili bado inayumba. Inapita kama robo saa hivi. Ndipo askofu anapojiendea mwenyewe mpaka kwa kiongozi wa duara. Anamwambia waache, waketi, waimbe kwa utulivu. Anamwambia kwamba kuabudu kwa namna ile ni upagani, na kwamba wanajiaibisha wenyewe, wanawaaibisha watu weusi wote na jina la Kikristo.

Duara likavunjika. Lakini kuketi hawakuketi. Waliondoka mmoja mmoja, wamenuna.

Hiyo ilikuwa Marekani, mwaka 1878, na askofu mwenyewe ni Daniel Alexander Payne wa Kanisa la African Methodist Episcopal (AME), kanisa lililoanzishwa na Wamarekani weusi. Kisa hiki amekiandika kwa mkono wake, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1888. Hakionei haya. Anakisimulia kama mtu anayeeleza wajibu alioutimiza.

Ukurasa huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Napanda nao daladala, nashuka nao.

Unanisumbua kwa sababu Payne si mtu wa kubezwa. Ukiniambia nichague mwalimu mmoja wa karne ya 19 wa kumkabidhi mwanangu, nitamchagua yeye, na sitafikiri mara mbili.

Senti 50 kwa mwezi

Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1811, mtoto wa watu huru katika mji uliojaa watumwa. Wazazi wote wawili walikufa angali mdogo. Akajifunza useremala, akajifunza ushonaji, na usiku akajifundisha vitabu. Kigiriki, Kilatini, jiografia, elimu ya mimea na wanyama, vingi kati ya hivyo alivichimba peke yake kwa mwanga wa mshumaa.

Mwaka 1829, akiwa na miaka 18, akafungua shule. Mchana watoto watatu. Usiku watu wazima watatu, wote watumwa. Kila mmoja alilipa senti 50 kwa mwezi.

Piga hesabu: dola 3 kwa mwezi, shule nzima. Aliyemlisha mwalimu asife njaa alikuwa mwanamke mtumwa. Mama huyu hakuwa na haki hata juu ya mwili wake mwenyewe, na bado alihakikisha mwalimu amekula. Nikimkumbuka yeye, naona kwamba shule ile ilikuwa yake sawasawa na ilivyokuwa ya Payne.

Mwaka ulipoisha Payne alikata tamaa, akafunga. Akatokea tajiri mmoja mwenye watumwa, yuko njiani kwenda visiwa vya Karibi, anatafuta mtu huru wa kumtumikia safarini. Katika kumshawishi alimuuliza kama anajua ni nini kinachomfanya huyu awe bwana na yule awe mtumishi. Akajijibu mwenyewe: ni ujuzi tu, bwana anajua zaidi.

Payne akaikataa kazi, neno akaondoka nalo.

Shule ikafunguliwa tena mwaka 1830, na safari hii ilishika. Wanafunzi wakaongezeka hadi kufika 60 hivi. Mwalimu alisoma kwanza yeye, kisha akafundisha kile alichokisoma jana. Alinunua mamba mzima, akamchinja na kumpasua mbele ya wanafunzi waone viungo vya ndani. Alikusanya nyoka. Jua lilipopatwa alilikodolea macho, mpaka uoni ukamsumbua kwa siku nyingi baadaye.

Ni nyoka waliofikisha habari za shule ile kusikotakiwa.

Nyoka wa shamba la Kennedy

Aliwatuma wavulana watatu kwenda kuchukua nyoka wa aina fulani kwenye shamba la Lionel Kennedy. Kwa watu weusi wa Charleston jina hilo lilitosha kuwatia baridi. Kennedy alikuwa mmoja wa mahakimu waliomhukumu kunyongwa Denmark Vesey mwaka 1822, aliposhtakiwa kwa kupanga uasi wa watumwa.

Kennedy alikuwepo shambani siku hiyo, na mwanawe. Wakawauliza watoto: mnasoma wapi, mnasoma nini? Watoto walijibu kila swali. Hesabu, jiografia, sarufi, kila walichoulizwa walikijua. Nawaona wamesimama pale, wakifurahi kwamba wamejibu vizuri, kama mtoto yeyote anavyofurahi. Mwana wa Kennedy akamgeukia baba yake akamwambia, kwa maneno makali, kwamba huyu Payne anauharibu mji.

Desemba 1834 baraza la kutunga sheria la South Carolina likapitisha sheria ya kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 1835. Kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika, au hata kumsaidia ajifunze, kukawa kosa. Mzungu atakayepatikana na hatia alipe faini hadi dola 100 na afungwe hadi miezi 6. Mtu mweusi huru achapwe viboko visivyozidi 50 na alipe faini isiyozidi dola 50. Mtu mweusi, awe huru au mtumwa, asiendeshe shule kabisa. Na mtoa habari apewe nusu ya faini.

Nusu ya faini! Waliiandika sheria hii wakijua kwamba jirani anaweza kununuliwa.

Payne alikuwa na miaka 24. Kwenye kumbukumbu zake anasema wazi kwamba kipindi kile alifika hatua ya kujiuliza kama kweli Mungu yupo, na kama yupo, ni mwenye haki gani huyu anayewaachia watu wa rangi moja wawaponde wengine. Namheshimu sana kwa kuyaacha maneno hayo yachapishwe akiwa askofu mzee, wakati angeweza kuyaruka. Kilichomtuliza, anasema, ni neno lililomjia kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja.

Mei 1835 akapanda meli kuelekea kaskazini.

Akasoma seminari ya Walutheri huko Gettysburg mpaka macho yakamshinda. Akawekewa mikono mwaka 1839. Miaka michache baadaye akaingia kanisa la AME, kanisa la watu wake.

Zulia la sebuleni

Mtu angedhani huko angepokelewa kwa vigelegele. Wengine walimpokea hivyo. Wengine waliona amekuja kuwavuruga.

Alianza kuandika barua za wazi akitaka wachungaji wote wasome. Si kusoma Biblia kwa kubabaisha. Alitaka sarufi, jiografia, historia, hesabu na teolojia. Wapo wahubiri waliokuwa wakianza mahubiri kwa kumshukuru Mungu kwamba hawajawahi kusugua vichwa vyao kwenye kuta za chuo, na waumini wakaitikia "Amina!" Payne alizisikia amina hizo kwa masikio yake. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka 1844 alitoa hoja kwamba kuwe na mtaala kwa kila anayetaka uchungaji. Hoja ikapigwa chini kwa kelele. Kesho yake ikarudishwa, ikapita.

Mwaka 1850 usharika wa Ebenezer, huko Baltimore, ulimkataa asiwe mchungaji wao. Walisema ana majivuno. Walisema ana zulia zuri mno sebuleni. Na walisema hataki waimbe nyimbo zao, zile ambazo yeye aliziita nyimbo za mashamba ya mahindi.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilicheka kidogo kuhusu zulia. Niliporudia kusoma sikucheka. Wale watu walikuwa wanasema jambo moja kwa njia tatu: huyu anatuona sisi si kitu.

Je, walikosea? Hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika.

Dola 10,000

Miaka miwili baadaye, 1852, kanisa likamchagua kuwa askofu. Aprili 1862 alikwenda kuonana na Rais Lincoln, akamsihi atie saini sheria ya kuwaachia huru watumwa wa jiji la Washington. Siku mbili baadaye sheria hiyo ikatiwa saini.

Wakati huo kulikuwa na chuo huko Ohio, karibu na Xenia, kilichoitwa Wilberforce. Wamethodisti wazungu walikifungua mwaka 1856 kwenye majengo yaliyokuwa hoteli ya mapumziko. Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto ambao wenye mashamba wa Kusini walizaa na wanawake waliowamiliki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, baba hao hawakuleta tena watoto wala ada, na mwaka 1862 chuo kikafungwa.

Wenye mali wakataka kuuza. Jimbo la Ohio lilikuwa linapahitaji pia. Usiku wa tarehe 10 Machi 1863 Payne alisema, kwa jina la Mungu, atapanunua kwa niaba ya kanisa la AME. Bei dola 10,000. Mfukoni hakuwa na hata dola 10.

Kwa hiyo akawa mkuu wa chuo, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika chuo kikuu Marekani, akiongoza chuo ambacho bado kinadaiwa. Wachungaji wawili, James Shorter na John Mitchell, waliubeba mzigo pamoja naye. Fedha zilichangwa makanisani, na waliozitoa walikuwa watu wa vipato vidogo: wafuaji wa nguo, vibarua, wapishi. Ninasisitiza hili kwa sababu baadhi yao, bila shaka, ndio waliokuwa wakisimama duara.

Tarehe 14 Aprili 1865, siku ileile Lincoln alipopigwa risasi, jengo kuu la Wilberforce liliteketea kwa moto. Payne alikuwa safarini. Alirudi akaanza upya. Aliongoza chuo hadi mwaka 1876 na kukiacha kimesimama.

Lakini kabla ya kujenga alikuwa na safari nyingine. Mei 1865, miaka 30 tangu aondoke, aliingia Charleston tena. Mji ule uliokuwa umemkataza kufundisha herufi, sasa alikuja kuanzisha ndani yake konferensi ya kanisa lake. Nikisoma tarehe hizo mbili, Mei 1835 na Mei 1865, najikuta nimenyamaza.

Nilichokisikia katika jibu la kiongozi

Sasa turudi kwenye duara la mwaka 1878, kwa sababu kisa hakikuishia pale watu walipoondoka wamenuna.

Mchana ule Payne alimwita kiongozi wakazungumza. Kijana akamwambia kwamba pasipokuwa na duara wenye dhambi hawaokoki. Payne akajibu kwamba mtu anaweza kuimba mpaka aanguke afe na asimwokoe mwenye dhambi hata mmoja, kwa kuwa kazi hiyo ni ya Roho na Neno la Mungu. Kijana hakuyumba. Alisema Roho wa Mungu hufanya kazi kwa watu kwa njia tofauti tofauti, na kwenye mikutano kama ile lazima pawe na duara hapa, duara pale na duara kule.

Mwanzoni nilimshabikia yule kijana, nikamkasirikia askofu. Nimekulia kwenye kanisa ambalo wazee wake waliwatenga na meza ya Bwana watu walioonekana ngomani. Bibi yangu alikuwa mpiga ngoma hodari kabla ya ubatizo. Baada ya ubatizo hakuigusa, na mimi nilimjua akiwa mwanakwaya anayeimba ameweka mikono nyuma. Kwa hiyo niliposoma habari za Payne nilikuwa tayari na hukumu.

Kisha nikarudia ukurasa wa kuta za chuo, na ule wa Ebenezer, na nikaona kitu.

Hoja ya yule kijana, kwamba Roho anatosha na ana njia zake, Payne alikuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka 30. Ni hoja ileile iliyotumika kukataa mtaala. Ni hoja ileile iliyoshangiliwa kwa amina kila mhubiri alipojisifu kwamba hajasoma. Payne alipolitazama duara alisikia ndani yake sauti ya watu wanaosema hatuhitaji shule. Na kwa mtu aliyeona sheria ikipitishwa ili watu wake wasijue kusoma, sauti hiyo ilimaanisha kwamba South Carolina imeshinda.

Lipo jingine. Mwaka 1839, katika hotuba yake dhidi ya utumwa, alidai kwamba ubaya mkuu wa utumwa ni kumgeuza mtu kuwa mnyama. Alitumia maisha yake yote kuonyesha kinyume, kwa kila nukta ya sarufi na kila kola iliyonyooka. Aliamini kuna macho yanatazama, yanasubiri sababu.

Yalikuwepo kweli. Lakini macho hayo hayakuwahi kuridhika. Mwaka 1882, akiwa na miaka 71, askofu na mkuu wa chuo mstaafu, Payne alishushwa kwenye treni huko Florida kwa sababu alikataa kuhamia behewa la watu weusi. Alirudi kwa miguu. Utulivu wote ule, Kigiriki chote kile, na kondakta aliona rangi tu.

Hapo ndipo namwachia hasira na kubaki na huzuni.

Miguu isiyopishana

Kitu ambacho Payne hakukiona, na ambacho ningetaka sana akione, ni kwamba duara lilikuwa na nidhamu yake.

Kwenye pwani ya South Carolina na Georgia, walikolishika duara hili kwa nguvu zaidi, kulikuwa na kanuni ya miguu. Mchezaji anakokota nyayo, hazinyanyui juu, na hathubutu kupishanisha miguu. Ukipishanisha miguu, hiyo ni dansi ya kidunia, utatolewa. Duara linazunguka kinyume cha mwendo wa saa, kama yanavyozunguka maduara mengi ya ibada Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, mwingine anagonga fimbo sakafuni kushika mapigo, kwa kuwa ngoma zenyewe walikuwa wamenyang'anywa.

Kwa maneno mengine, watu hawa nao walikuwa wakibishana, kwa kina kabisa, kuhusu ibada ni nini na upuuzi ni nini. Mpaka walikuwa wameuchora, na waliuchora kwenye nyayo.

Sheria ya mwaka 1834 ingeweza kumchapa mtu viboko kwa kumfundisha mtumwa kusoma. Kanuni ya miguu isiyopishana hakuna baraza lililoweza kuipiga marufuku ikafutika. Katika kaunti ya McIntosh, Georgia, duara hilo lipo mpaka leo, hasa usiku wa kuukaribisha mwaka mpya.

Kwetu, baadaye, wapo walioliona hilo. Masasi, kusini mwa Tanzania, Askofu Vincent Lucas aliichukua jando akaipa sura ya Kikristo badala ya kuifuta, na watu wamebishana juu ya uamuzi wake tangu wakati huo. Angalau alikaa akauliza jando inafundisha nini. Payne alikuwa na akili ya kutosha kuuliza swali kama hilo. Mtu aliyempasua mamba ili aone ndani yake, alipofika kwenye duara alilitazama kwa nje tu.

Msichana wa kwaya

Payne alikufa Novemba 1893, kwake kule Wilberforce. Haukupita muda, kwaya moja ya vijana kutoka Afrika Kusini ikakwama Ohio, mjini Cleveland, baada ya waandaaji wa ziara kuwatelekeza. Miongoni mwao alikuwa Charlotte Manye. Watu wa kanisa la AME waliwachukua, na Charlotte akapelekwa Wilberforce kusoma.

Alifundishwa na W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliyekuwa mwalimu kijana pale. Barua aliyomwandikia dada yake nyumbani ilifika mikononi mwa Mangena Mokone, mwanzilishi wa Kanisa la Ethiopia, kanisa huru la Waafrika huko Afrika Kusini, na ikafungua njia ya kanisa hilo kuungana na AME mwaka 1896. Mwaka 1901 Charlotte alihitimu shahada ya sayansi. Alirudi kwao, na yeye na mumewe, Marshall Maxeke, aliyesoma Wilberforce pia, wakaanzisha shule huko Evaton wakaiita Wilberforce.

Alifika kwenye lango la Payne kwa sababu ya kuimba. Aliondoka na kile ambacho Payne aliamini kingemtoa mtu utumwani. Sioni dalili kwamba kimoja kilizuia kingine, au kwamba alilazimika kuchagua.

Ningependa vyuo vyetu vya uchungaji vimsome Payne. Vianze na zile senti 50 na yule mama aliyemlisha mwalimu, viende mpaka kwenye ukurasa wa duara, na visiuruke. Halafu wanafunzi waachwe wabishane, na mle darasani awepo angalau mtu mmoja anayejua kupiga ngoma.